Udongo ni wa Leta, lakini nani anashika ufunguo wa robine?



Wiki iliyopita nilifika asubuhi katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani, wale tunaowaita wadeplase, si mbali na mji wetu wa Kalemie. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu ninachotaka kusema hakihusu kambi hiyo moja tu. Mbele ya robine kulikuwa na msururu mrefu wa bidoni za manjano. Robine yenyewe ilikuwa na kufuli. Pembeni, juu ya tofali, aliketi kijana mwenye daftari, na kila aliyefika alitoa franka mia moja kabla ya kujaza bidoni yake.

Mama mmoja mtu mzima alikataa kutoa. Alisema kwa sauti, watu wote wakisikia, kwamba udongo huu ni wa Leta, kisima kilichimbwa na shirika kwa ajili ya wadeplase, na yeye alikimbia vita bila hata sufuria. Sasa makuta haya yanakwenda wapi?

Kijana hakumtukana. Alimjibu: mama, robine hii ilikufa, mkakaa wiki tatu mkinywa maji ya mto. Nani aliitengeneza?

Hapo watu wakanyamaza kidogo. Ni kweli robine ilikuwa imekufa. Shirika lililoijenga lilikuwa limemaliza mradi wake na kuondoka. Mfanyabiashara mmoja wa mjini ndiye aliyenunua kipande kilichokosekana, akaleta fundi, akafunga kufuli, akamweka kijana yule. Nilipouliza ruhusa ilitoka kwa nani, niliambiwa kwa wakubwa. Nilipoomba kuona karatasi, hakukuwa na karatasi.

Nilirudi mjini na maneno ya wote wawili kichwani, kwa sababu sikuweza kusema nani kati yao amekosa. Mama anasema ukweli: hajui makuta yake yanakwenda wapi, na hakuna aliyemwuliza kabla ya kupanga bei. Kijana anasema ukweli: bila mtu wa kutunza, robine inakufa. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya jambo hili ambalo wengi wanalizungumza kwa kunong'ona: watu binafsi wanaoendesha na kutunza huduma za kambi zetu juu ya udongo wa Leta.

Tumefikaje hapa

Kambi si jambo jipya kwetu. Mapigano kati ya Batwa na Baluba yalianza kuumiza jimbo hili tangu 2013, na kuanzia 2016 yakawa makali zaidi. Mwaka 2017 wadeplase wa Tanganyika walipita nusu milioni. Sisi wa Kalemie tuliyaona kwa macho: Katanika, Kalunga, Kaseke, Mukuku, mahali palipokuwa pori au shamba pakajaa vibanda vya manyasi na mabashi. Oktoba 2017 Umoja wa Mataifa ulitangaza kiwango cha juu kabisa cha dharura kwa Kasai, Kivu ya Kusini na Tanganyika. Baadaye kambi nyingi zilifungwa, wengine wakarudi vijijini, wengine wakabaki mjini bila kuhesabiwa tena.

Kisha ziwa nalo likatufukuza. Maji ya Tanganyika yalipopanda, nyumba za pwani ziliingia majini, na watu ambao jana walikuwa wenyeji waliopokea wakimbizi wakawa wakimbizi wenyewe. Na mwaka 2025, baada ya Goma kuanguka Januari na Bukavu Februari, maboti kutoka upande wa Uvira yalianza kushusha familia kwenye pwani yetu, na mizigo michache kichwani.

Katika mwaka huohuo, waliokuwa wakilipia robine na vyoo walianza kuondoka. Umoja wa Mataifa ulisema kwamba mwaka 2024 Marekani ndiyo iliyolipia karibu asilimia 70 ya kazi za kibinadamu nchini mwetu. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Hatukuhitaji kusoma magazeti ili kujua. Tuliona magari yanapungua barabarani, tukaona vijana waliokuwa wakifanya kazi katika mashirika wanarudi nyumbani.

Robine haijui kwamba mradi umekwisha. Inaendelea kuchakaa. Choo nacho kinaendelea kujaa. Kuna kambi ambako kibao cha mradi bado kimesimama vizuri, rangi yake haijafutika, na nyuma yake choo kimeanguka ndani ya shimo lake. Katika nafasi hiyo tupu ndimo anamoingia mtu mwenye kufuli.

Sheria inasema nini

Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema wazi: udongo wa Kongo ni mali ya Leta peke yake, hauwezi kuuzwa wala kupotea mikononi mwake. Mtu anaweza kupewa haki ya kuutumia, tunayoita konsesyo, lakini mwenye udongo ni Leta. Hata pale ambapo tunamwendea mkuu wa kijiji kumwomba mahali, kwa sheria udongo ule uko chini ya Leta.

Kwa hiyo mama yule wa robine hakukosea. Lakini watu wengi wanachanganya mambo mawili. Kusema udongo ni wa Leta si kusema kwamba Leta lazima ishike ufagio kwa mkono wake. Leta inaweza kumpa mtu kazi ya kufagia, kutengeneza na hata kulipisha kidogo. Jambo ambalo haiwezi kumpa mtu ni wajibu wake. Makubaliano ya Kampala, ambayo nchi za Afrika zilipitisha 2009 na nchi yetu imejiunga nayo, yanasema kwamba wa kwanza kuwalinda na kuwasaidia wakimbizi wa ndani ni Leta yao wenyewe. Kazi unaweza kuikabidhi kwa mwingine, lakini jibu linabaki kwako.

Shida yetu leo ni kwamba kazi imekabidhiwa bila mtu kukabidhi. Hakuna aliyetia sahihi. Mwenye kufuli anasema wakubwa walimruhusu, wakubwa wakiulizwa wanasema hawajui, na mama anatoa franka mia moja.

Tufanye hesabu

Wengine wataniambia: franka mia moja ni kitu gani? Tuhesabu pamoja.

Mashirika ya kibinadamu duniani yanafuata kanuni zinazoitwa Sphere. Zinasema mtu mmoja anahitaji angalau litre 15 za maji kwa siku, na robine moja isizidi watu 250. Familia ya watu sita inahitaji basi litre 90, yaani bidoni nne na nusu za litre 20. Tuseme tano. Kwa mia moja kila bidoni, ni franka 500 kwa siku, franka 15,000 kwa mwezi. Kwa mtu anayebeba mizigo sokoni, au mama anayelima shamba la mwingine ili apate unga wa jioni, huo ni mzigo. Atafanya nini? Atanunua bidoni mbili, na nyingine atachota mtoni au ziwani. Na Kalemie yetu ni kati ya miji ya Kongo ambako kipindupindu hakiishi. Bei ya maji ikipanda kambini, ugonjwa haubaki kambini. Unapanda kichwani pamoja na bidoni hadi kartie zetu.

Sasa tugeuze hesabu, tutazame upande wa mwenye kufuli. Watu 250 wakichota litre 15 kila mmoja, ni litre 3,750 kwa siku, bidoni 187 na zaidi. Kwa mia moja kila moja, zinaingia kama franka 18,700 kwa siku, zaidi ya 560,000 kwa mwezi, kwa robine moja. Tuseme nusu tu ya maji hayo yanalipiwa: bado ni zaidi ya 280,000. Mpira wa robine hauharibiki kila mwezi. Fundi haji kila wiki. Kijana wa daftari hakuniambia kwamba anapata mshahara mkubwa. Basi mama ana haki ya kuuliza, na swali lake halina ubaya wowote. Pengine makuta yanatumika vizuri. Pengine yanawekwa akiba kwa siku ambayo pompa itavunjika kabisa. Lakini bila daftari kusomwa mbele ya watu, mwenye nia njema na mwizi wanafanana.

Wengine wanafanyaje

Jambo hili la watu binafsi kutunza kambi juu ya udongo wa umma halikuanzia kwetu. Kule Marekani kuna misitu mikubwa ya serikali ambamo watu wanakwenda kupiga mahema kwa mapumziko. Kambi nyingi za misitu ile haziendeshwi na serikali yenyewe. Kampuni binafsi inapewa kibali cha muda, inasafisha vyoo, inazoa takataka, inakusanya malipo ya wageni. Udongo unabaki wa serikali. Kampuni inatakiwa kuilipa serikali sehemu ya mapato, lakini sheria ya 1950, inayoitwa Granger-Thye, inairuhusu serikali kukubali kazi badala ya makuta: badala ya kupeleka malipo ofisini, kampuni inatengeneza paa, inabadilisha bomba, inachimba choo kipya palepale. Wazo hilo nalipenda. Makuta ya kambi yanarudi kambini.

Hata huko raia wananung'unika. Wanasema bei zinapanda, wanasema wanalipishwa kwa kitu ambacho tayari ni chao. Lakini wana karatasi ya kusoma na ofisi ya kulalamikia. Na kuna tofauti moja kubwa ambayo hatuwezi kuipita. Mgeni wa kule akiona choo ni kichafu au bei ni ghali, anakunja hema lake na kwenda kambi nyingine, au anarudi nyumbani. Mdeplase wetu hana nyumba ya kurudia. Mtu asiyeweza kuondoka huwezi kumwita mteja. Ukimpandishia bei atalipa, au atakunywa maji machafu. Kwa hiyo yeyote anayesema tuache soko lijipangie bei kambini, hajui kambi ni nini.

Tuangalie karibu. Ng'ambo ya ziwa, katika mkoa wa Kigoma, kuna kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongomani. Familia nyingi za huku zina ndugu aliyepita kule. Maisha ya Nyarugusu si matamu, walioishi kule wanajua, na sheria za kutoka na kufanya biashara ni ngumu. Lakini kuna kitu kimoja kiko wazi: kuna mkuu wa kambi, mfanyakazi wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Tanzania. Mashirika yanakuja na kuondoka, lakini ofisi ya mkuu wa kambi inajulikana iko wapi. Ukiwa na neno, unajua mlango wa kugonga. Katika kambi zetu za Kalemie, mlango huo ni upi? Ni wa komini? Wa ofisi ya Mambo ya Kijamii? Wa Tume ya Taifa ya Wakimbizi? Wa mkuu wa kartie? Niliwauliza wadeplase wanne, nikapata majibu manne.

Na tusiseme kwamba Leta yetu haijui kuandika mkataba. Mbuga ya Garamba, kule Haut-Uele, ni udongo wa Leta. Tangu 2005 taasisi ya Leta inayosimamia mbuga, ICCN, iliweka mkataba na shirika la African Parks ili liendeshe mbuga ile. Virunga nayo ina mpango wa namna hiyo na wakfu binafsi. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa mipango hiyo, lakini iko kwenye karatasi: nani anafanya nini, kwa muda gani, nani anajibu. Kwa tembo tulijua kuandika. Kwa mama mwenye bidoni tunashindwa nini?

Wazee wetu nao wanatukumbusha kwamba karatasi peke yake haitoshi. Wakati mji huu ulipoitwa Albertville, reli ililetwa na kampuni ya CFL, iliyofika hapa ziwani 1915. Kampuni ile ilikuwa na mikataba mizuri, mihuri yote, na udongo mwingi uliotolewa na wakubwa wa Ulaya. Waliokuwa wakiishi juu ya udongo huo hawakuulizwa. Basi mkataba unaoandikwa kati ya mkubwa na tajiri, bila mwenye kuishi pale, tumeshauona. Hatuutaki tena, hata kwa robine.

Naomba nini

Sisemi tuwafukuze wenye kufuli. Nimeona kambi zenye robine ya bure ambayo haitoi maji, na hizo si bora kuliko robine ya kulipia inayotoa. Sisemi pia tuwaachie. Nasema kazi hii ifanywe mchana. Kwa maoni yangu, mambo haya yanawezekana hata kwa Leta isiyo na makuta mengi, kwa sababu mengi yanataka kalamu kuliko makuta.

Kwanza, kila anayeendesha robine, choo au mahali pa kuogea kambini awe na mkataba ulioandikwa, wenye jina lake, kazi yake, bei na mwisho wake. Miezi sita, kisha watu watazame kama amefanya kazi. Na mkataba huo ubandikwe pale pale kwenye robine, kwa Kiswahili. Karatasi ya Kifaransa iliyofungiwa ofisini haimsaidii mama wa bidoni.

Pili, bei isipangwe bila mkutano wa kambi. Na bidoni za kwanza ziwe za bure kwa kila familia, angalau mbili kwa siku, za kunywa na kupikia. Anayetaka zaidi, kwa kufua au kwa biashara ndogo, achangie. Wazee wasio na mtu, walemavu, wajane wenye watoto wadogo na mama wajawazito wasilipe. Kipindupindu kikitangazwa, kufuli litoke kabisa, maji yawe bure kwa wote, na Leta pamoja na mashirika wabebe gharama ya siku hizo.

Tatu, daftari lisomwe mwisho wa kila mwezi, mbele ya watu, chini ya mti: kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, kimenunua nini, kimebaki nini. Kama wakileta daftari hilo redioni, sisi tutalisoma hewani bila kuomba hata franka moja. Na kama alivyofanya yule wa misitu ya Marekani, sehemu ambayo ofisi fulani ingetaka kama kodi ibaki kambini kama kazi: choo kipya, mfereji wa maji ya mvua, paa la jengo la watoto.

Nne, kazi ipewe kwanza walio kambini. Kuna mafundi wa bomba, waashi na walimu wa hesabu kati ya wadeplase. Mfanyabiashara wa mjini anaweza kukopesha makuta ya kipande cha kwanza na kurudishiwa, lakini ufunguo ukae kwa komite. Na katika komite hiyo wawemo wanawake, maana ndio wanaochota. Wawemo Batwa na Baluba pamoja. Tunajua sote yaliyotupata. Robine inayoshikwa na upande mmoja ni kuni za moto mwingine.

Tano, kila kambi iwe na mtu mmoja wa Leta mwenye jina na namba ya simu inayojulikana, anayefika angalau mara moja kwa juma. Kazi yake iwe kujibu, wala asishike makuta.

Na kuna vitu ambavyo havipaswi kuwa na bei hata kidogo. Mahali pa kulala hapauzwi. Jina kwenye orodha haliuzwi. Kuingia kambini hakuuzwi. Nimesikia, katika kambi zaidi ya moja, watu wakisema mwenye shamba anadai sehemu ya chakula cha msaada kama kodi ya udongo. Kama mwenye shamba ana haki zake, na anaweza kuwa nazo, aende azidai kwa Leta iliyowaweka watu pale. Asizidai kwenye kikombe cha unga cha mtoto.

Majibu kwa wanaopinga

Nimezungumza mambo haya na wenzangu kabla ya kuandika, na baadhi walinipinga kwa nguvu. Mmoja aliniambia: ukikubali mdeplase alipe hata franka hamsini, umeisaidia Leta kukimbia wajibu wake. Neno hili nalichukua kwa uzito, kwa sababu hatari hiyo ipo. Lakini leo mdeplase tayari analipa, na Leta tayari haijibu. Mkataba uliobandikwa kwenye robine, wenye muhuri wa komini, utakuwa karatasi ya kwanza inayoonyesha kwamba Leta inajua robine hiyo ipo. Ni vigumu zaidi kukimbia kitu ulichokitilia sahihi.

Mwingine alisema kwamba kambi zikitunzwa vizuri watu hawatarudi kwao. Hilo silikubali. Watu walioondoka Katanika miaka ile hawakuondoka kwa sababu vyoo vilijaa. Waliokuwa na kijiji chenye amani walirudi, wasiokuwa nacho walihamia kartie zetu wakiwa na umaskini uleule. Hakuna mtu anayependa kulea watoto chini ya bashi kwa sababu tu robine iko karibu.

Na wapo wenyeji wanaouliza: sisi je? Sisi tunaochota maji kwenye robine hiyohiyo, na ambao nyumba zetu zimepokea familia mbili au tatu? Wana haki. Wadeplase wengi hawako kambini, wako kwetu, wanalala sebuleni kwetu. Bei iwe moja kwa mwenyeji na kwa mgeni, na mwenyeji awe na kiti kwenye komite. Watu wanaochota pamoja na kusomewa daftari pamoja hawapigani upesi.

Neno la mwisho

Siku ile mama yule hakupata maji kwa ubishi wake. Mwanamke mwingine, nyuma yake kwenye msururu, ndiye aliyemlipia mia moja. Kijana akaandika kwenye daftari. Niliomba kuliona daftari lile, naye akanionyesha bila kuficha. Lilikuwa na tarehe na mistari midogo, mstari mmoja kwa kila bidoni, ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa ameandika vizuri. Nilimwuliza nani mwingine analisoma. Alisema patron huja kila jumapili, anachukua makuta, anahesabu mistari, basi.

Kazi ya kuandika basi imeshaanza, na aliyeianza ni kijana juu ya tofali. Kinachobaki ni kulifungua daftari lile mbele ya waliotoa makuta. Mheshimiwa meya, wakubwa wa komini, na nyinyi wa mashirika mnaobaki: siombi kisima kipya leo. Naomba ukurasa huo usomwe.

Nanyi wa kambini, kama kwenu kuna robine yenye kufuli, au choo cha kulipia, tuandikieni au pigeni simu kwenye kipindi chetu. Mtuambie bei ni ngapi, nani anashika ufunguo, na kama mmewahi kusomewa daftari. Majina yenu hatutayataja. Majibu ya wakubwa, yakija, tutayataja.

Ni mimi, mwandishi wenu wa Kalemie.